Mabeseni Yangu ya Jumatano

Nyuma ya nyumba yangu hapa Mikindani kuna kipande cha ardhi ambacho mume wangu, Mungu amrehemu, alikiita uwanja wa mbuzi. Yeye alitaka kufuga. Mimi nilitaka mboga, tukabishana miaka mingi, na uwanja ukabaki bila mbuzi wala mboga. Alipofariki nilimaliza eda yangu, na wiki iliyofuata nikashika jembe. Majirani wakasema huzuni imenipanda kichwani. Haikuwa huzuni. Nilikuwa nimestaafu, nipo peke yangu, watoto wote wako mbali, na mimi si mtu wa kukaa kitako nikihesabu magari.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa ya bwana shamba. Kwa kuwa mimi ni mwanamke watu waliniita Bibi Shamba, na mpaka leo watoto wa mtaani hawajui kama nina jina lingine. Nilizunguka na pikipiki ya serikali kutoka kwenye mpunga wa Mahurunga hadi kwenye mikorosho ya Nanyamba, nikiwafundisha watu wazima kupanda vitu ambavyo wazee wao walivipanda kabla babu yangu hajazaliwa. Nina sauti kubwa. Niliipata huko mashambani, na kustaafu hakukuipunguza hata kidogo.

Basi nikalima. Udongo wetu ni kichanga, unakunywa maji kama mtu aliyefuturu kwa kuchelewa, na maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. Nilibeba samadi ya mbuzi wa jirani kwa ndoo, nikainua matuta, nikafunika kwa majani makavu. Mwaka wa kwanza nilivuna kidogo. Mwaka wa pili uwanja wa mbuzi uliniaibisha kwa wingi wake: mchicha wa majani mapana, matembele, bamia, nyanya chungu, kunde, na maboga yaliyopanda ukuta yakaenda kuchungulia kwa watu. Mtu mmoja hawezi kumaliza tuta la mchicha. Ukichuma leo, keshokutwa limejaa kana kwamba hujaligusa.

Hapo ndipo ilipoingia stoo. Nyuma ya msikiti wa mtaa wetu kuna chumba ambacho kina mama wamekifanya stoo ya chakula. Mwenye mchele wa ziada anapeleka mchele, mwenye unga anapeleka unga, na sisi wa bustani tunapeleka mboga Ijumaa asubuhi. Baada ya swala, watu wenye uhitaji wanakuja kuchukua. Hakuna anayeuliza mtu kwa nini amekuja. Mama anayesimamia, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, ana sharti moja tu: kitu kikishaingia stoo, hakina mwenyewe. Mboga zote zinamwagwa kwenye jamvi moja, zinafungwa mafungu sawasawa, na mdomo unafungwa pia.

Nilipeleka miezi mitatu. Nitasema ukweli, kila Ijumaa roho iliniuma. Nilifika na mchicha wangu umefungwa vizuri, mizizi imeoshwa, majani hayana hata tundu moja, na mama wa stoo akaumwaga pale pale juu ya mchicha wa mtu mwingine uliotobolewa na wadudu kama kitambaa cha kuchujia nazi. Nilitamani kuutenga. Siku moja nikawa nimeinama napanga mafungu, nikasikia mwanamke mlangoni anasema, "Mchicha wa leo mzuri jamani, nani kautoa?" Mwenzake akamjibu bila kufikiri, "Utakuwa wa yule mama wa kule mlimani, yule mkono wake haupandi kitu kikakataa."

Yule mama wa kule mlimani! Mimi ndiye niliyemfundisha kuotesha kitalu. Nilinyanyuka na fungu mkononi, mdomo umeshafunguka, na mama wa stoo akanitazama tu. Nikainama tena. Lakini nilirudi nyumbani nimevimba, na kabla ya magharibi nilishapata mpango wangu. Nilijiambia kwamba stoo ina upungufu. Nilijiambia kwamba wenye shida kubwa hawafiki stoo, wazee wanashindwa kutembea, wengine wanaona haya. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana niliyapenda. Lakini sababu yenyewe ilikuwa ile ya mlangoni.

Nilinunua mabeseni madogo ya plastiki yenye mifuniko, sita, rangi ya bluu. Chini ya kila moja nikachora msalaba mdogo kwa rangi ya kucha nyekundu, namna wanawake wa hapa tunavyoweka alama kwenye vyombo vinapokwenda harusini au msibani, visipotee. Nikachagua nyumba sita. Kila Jumatano asubuhi nilichuma, nikaosha, nikapanga ndani ya beseni kwa uzuri wake, mchicha pembeni, bamia katikati, nyanya chungu juu, na nikazunguka mwenyewe na toroli. "Hodi! Bibi Shamba huyo!" Sauti ilifika mtaa wa pili. Waliofungua walinishukuru kwa jina langu la kazi, na majirani zao wakachungulia, na mimi sikuharakisha kuondoka.

Mabeseni yalirudi kabla ya Jumatano iliyofuata. Hakuna hata moja lililorudi tupu.

Hapa pwani mtu akikuletea kitu ndani ya chombo, humrudishii chombo kitupu. Utaweka chochote, ndimu mbili, kipande cha muhogo, embe. Sikufundishwa hilo na mtu, nililikuta nyumbani, kama nilivyokuta milango. Kwa hiyo beseni liliporudi na vipande vya muhogo mkavu au samaki wawili wa kuchoma niliona ni sawa. Zaidi ya sawa, nilifurahi. Nilifunua mfuniko kwa hamu kama mtoto wa siku ya Idi. Nilimwambia binti yangu kwenye simu kwamba watu wa huku wana shukrani, si kama huko kwenu Dar. Yeye akauliza, "Lakini mama, hao si ndio wasio na kitu?" Nikamwambia anajua nini yeye, mtu anayenunua mchicha dukani.

Beseni nililolisubiri kuliko yote lilikuwa la nyumba ya tano. Hapo alikaa mwanamke aliyenizidi miaka michache, mtu wa Mahurunga, aliyehamia kwenye chumba kimoja cha uani karibu na njia ya kwenda gatini. Alikuwa analea mjukuu wa kike wa miaka miwili hivi. Mama wa mtoto alikuwa ameolewa upya ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na mume mpya hakutaka mtoto wa mwenzake. Bibi alisuka mikeka ya ukili na kuiuza. Mlangoni kwake alifungwa kamba ya mguu kuku mmoja tu, mtetea mwekundu mwenye kishungi. Kwa huyu bibi beseni lilirudi na mayai. Wiki hii matatu, wiki ile manne, yamelazwa juu ya kitambaa safi yasigongane.

Mayai ya kienyeji, kiini chake rangi ya manjano iliyoiva. Niliyakaanga kwa nyanya na kitunguu, nikala na chapati, nikafuta sahani kwa kipande cha mwisho. Nayakumbuka yote. Nikikutana naye njiani nilimwambia, "Dada, yale mayai yako! Yule kuku wako mpe hongera zangu." Naye alicheka akiziba mdomo na ncha ya kanga.

Sasa niseme ya kliniki.

Mimi nina presha, na kila mwezi nakwenda kupimwa. Siku hiyo niliikuta baraza imejaa kina mama, kumbe ilikuwa siku ya kupima uzito wa watoto. Nikajibanza ukutani na kadi yangu. Mbele, kwenye mzani wa kuning'iniza, alikuwa mjukuu wa yule bibi, miguu yake myembamba inaning'inia kwenye ile suruali ya kitambaa, analia bila nguvu. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mkali namna wanavyokuwa wakali watu wanaojali kazi yao. Alitazama mzani, akatazama kadi, akatazama mzani tena.

"Bibi," alisema, "mwezi wa pili huu mtoto haongezeki. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia yai."

"Yai moja kila siku. Kuku si unaye?"

"Ninaye, mwanangu."

"Anataga?"

"Anataga."

"Basi mayai yanakwenda wapi, bibi? Unayauza?"

Baraza yote ikatega sikio, kama kawaida ya baraza. Yule bibi akageuka kidogo, nadhani akitafuta mahali pa kuweka macho, na macho yake yakanikuta mimi. Tulitazamana muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Mengine yanavunjika," alisema. "Kuku wangu mjinga, anayakanyaga."

Muuguzi akamgombeza kuhusu kiota. Akamwambia aweke majani makavu kwenye boksi. Yule bibi akaitikia, "Sawa, mwanangu, nitaweka boksi," kama mwanafunzi. Na mimi niliyefundisha watu kutengeneza viota vya kuku wilaya nzima, mimi mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, nilisimama ukutani nikiwa sina hata sauti ya kukohoa. Sikusema kwamba mayai nimeyala mimi. Nilipita mlango wa nyuma nikaenda nyumbani bila kupimwa. Presha yangu ya siku hiyo sitaijua.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, wala sikuwa na pa kuipeleka. Nilikaa jikoni. Kilichonitesa si kwamba sikujua. Nilijua. Nilipokuwa msichana wa miaka tisa au kumi, jirani yetu alituletea sahani ya wali wa nazi siku ya maulidi, na nyumbani siku zile hapakuwa na kitu cha kurudisha. Mama aliiosha ile sahani, akaifuta, akaiweka juu ya kabati. Ilikaa wiki nzima. Mama aliponituma kuteka maji alinipitisha njia ya nyuma ili jirani asinione akaikumbuka sahani yake. Mwishowe alitia mkono kwenye mkebe wa mbegu za kunde alizoziweka kwa ajili ya msimu, akajaza sahani, akanipa nipeleke. Msimu ule tulipanda nusu ya shamba. Nilikuwa na akili ya kutosha kuona, na niliona. Halafu nikakua, nikapata pikipiki na pensheni, nikanunua mabeseni sita yenye mifuniko na kuyapeleka kwa watu wasio na kitu, nikayachora alama ili yajue njia ya kurudi.

Mtu mwenye busara angekwenda kimya kwa mama wa stoo na kuomba ushauri. Mimi nilikwenda dukani kununua mayai.

Yalikuwa trei nzima, mayai ya kisasa, meupe, makubwa. Ningeyapeleka kwenye trei ya karatasi yakafika salama. Lakini trei ya dukani ni trei ya mtu yeyote. Nikatoa beseni langu kubwa, lile la kupakulia pilau ya sikukuu, nalo lina msalaba mwekundu chini kama yale madogo, nikatandika matembele chini, nikapanga mayai juu yake moja moja, nikafunika kwa kitambaa cha kufuma. Hata katika kutubu nilitaka beseni lipendeze.

Nilifika kwake baada ya alasiri. Alikuwa amekaa mlangoni anasuka, mtoto amelala juu ya mkeka ambao haujakwisha. Nikamsalimia, "Shikamoo, dada," maana siku hiyo nilitaka kuwa mdogo. Akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikaweka beseni chini, nikafunua.

"Ya mtoto," nilisema.

"Bibi Shamba," alisema, "yote haya?"

"Ya mtoto, dada. Na nakuomba, usirudishe kitu. Beseni nitalifuata mwenyewe. Usiweke chochote ndani."

Nilidhani namtua mzigo. Niliuona uso wake ukikunjamana. Mambo haya hatuyasemi. Mtu anarudisha chombo na kitu ndani yake, na mwenye chombo anapokea kama vile hakutegemea, na heshima ya wote wawili inabaki ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimeitoa heshima yake nje nikaianika mbele ya kuku. Nilikuwa nimemwambia: najua huna.

"Kitu gani nirudishe?" aliuliza polepole. "Kwani unanidai kitu?"

"Hapana, dada, nilikuwa nasema tu."

"Haya. Mungu akujaze."

Niliondoka. Siku iliyofuata kulikuwa na mvua ndogo, sikutoka. Siku ya tatu, saa saba mchana, nikasikia hodi.

Alikuwa amevaa vizuri, kanga zake mpya, mtoto mgongoni, na kichwani beseni langu kubwa limefunikwa kwa kile kitambaa cha kufuma, kimefuliwa na kunyooshwa kwa pasi. Sijui pasi aliipata wapi. Alilitua mezani kwangu kwa mikono miwili, na harufu ilinifikia kabla hajafunua. Kuku wa nazi. Kuku mzima, amekatwa vizuri, mchuzi mzito unang'aa, na juu kabisa ameweka firigisi, kipande ambacho huku kwetu anapewa mgeni anayeheshimiwa.

Nilikuwa najua jibu, bado nikauliza. "Dada, umechinja kuku gani?"

"Nina kuku wangapi?" alijibu, na akacheka kidogo akiziba mdomo na ncha ya kanga. "Nimemwomba shekhe wa jirani anichinjie. Kaa ule, usije ukapoa."

"Na mtoto? Mayai ya mtoto?"

"Umeshamletea. Trei nzima. Kuku wa nini tena?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi, ilikuwa sahihi kuliko hesabu zangu zote za ofisini. Zawadi kubwa inataka jibu kubwa, na yeye alikuwa na kitu kimoja tu kikubwa. Mayai yale yangemchukua mtoto mwezi mmoja. Baada ya hapo pasingekuwa na yai wala kuku, na mimi ndiye niliyemchinja, kana kwamba nilishika kisu.

Aliketi mbele yangu, akamfungua mtoto mgongoni akampakata. Nikanawa. Mtoto alilitazama beseni bila kupepesa. Nikachukua paja, nikalipoza kwa kupuliza, nikamnyooshea. Yule bibi akaushika mkono wangu, bila nguvu, akaurudisha upande wangu wa meza.

"Huyo ameshakula," alisema.

Mtoto alikuwa hajala. Sote watatu tulijua. Alianza kulia na bibi yake akampigapiga mgongoni, akaniambia, "Kula, Bibi Shamba, huyu ana usingizi tu."

Nikala. Ningekataa ningemmaliza kabisa, hilo angalau nililielewa. Nikala firigisi kwanza kama inavyotakiwa, kisha paja, kisha kidari. Alikuwa mtamu. Nilimwambia ni mtamu, kwa sababu ndivyo anavyoambiwa mpishi, na machozi yalikuwa yananitoka, nikamwambia ni pilipili. Hakuwa ametia pilipili. Nilipomaliza alilichukua beseni mwenyewe, akaliosha kwenye bomba langu la uani, akalifuta, akaligeuza akatazama ule msalaba mwekundu, na akalianika kwenye kichanja changu cha vyombo.

"Tumemalizana," alisema, na akaenda zake.

Jumatano iliyofuata sikuzunguka. Nilikwaruza rangi ya kucha kwenye mabeseni yote kwa wembe, kazi ya kijinga, maana mtaa mzima ulishayajua. Ijumaa nikaenda stoo na mboga zangu ndani ya kiroba. Mama wa stoo hakuniuliza nilikuwa wapi. Akamwaga mchicha wangu kwenye jamvi, juu ya mchicha wa watu, na safari hiyo nilishukuru kuuona unapotea.

Nikamweleza. Si yote, lakini ya kutosha. Nikamwambia nataka kumtafutia yule bibi mtetea mwingine, anayekaribia kutaga, na nataka apewe na stoo. Alinisikiliza huku anafunga mafungu.

"Stoo itampa," alisema. "Lakini ukitoa hapa, umetoa. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Bibi Shamba, nakuuliza wewe, siulizi sauti yako."

Nikaapa. Nilikwenda hadi Nanyamba siku ya mnada, nikamchagua mtetea kwa utaalamu wangu wote, nikapima mifupa ya nyonga kwa vidole, nikatazama macho na miguu, nikarudi naye ndani ya tenga miguuni mwangu. Niliingia stoo kwa mlango wa uani. Ijumaa ile mama wa stoo akagawa kuku watatu, si mmoja, ili asionekane aliyelengwa. Wawili aliwatoa wapi sikuuliza.

Nilikaa kimya wiki tano. Kwa mtu kama mimi ni funga ya miezi miwili. Nilimwona yule bibi njiani, tukasalimiana, basi. Nilimwona mtoto kwa mbali, na kila nilipomwona nilimpima kwa macho kama nilivyokuwa nikipima miche. Mashavu yalianza kujaa. Siku moja nilimkuta anakimbiza kikopo barabarani, anakimbia kweli, na nilikwenda kusimama nyuma ya duka mpaka nikaweza kupumua vizuri. Ningeishia hapo, habari hii ningeweza kuisimulia nikiwa nimeinua kichwa.

Lakini alikuja mwenyewe. Asubuhi ya Jumatatu, nipo kwenye matuta nang'oa magugu, nikasikia hodi, na ilikuwa hodi nyepesi, ya mtu asiye na jambo moyoni. Mtoto alikuwa mgongoni, mzito, naye bibi kainama kidogo kwa uzito huo na anaufurahia. Kwapani amembana yule mtetea.

"Bibi Shamba, nimekuja kwa mtaalamu," alisema. "Huyu anajichuna manyoya ya kifuani. Ni ugonjwa?"

Nikamshika yule kuku. Tumbo la moto, kifua wazi. "Si ugonjwa, dada. Anataka kuatamia. Ukimwachia mayai kumi atakupa vifaranga."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Mwachie."

Alifurahi mpaka akaketi juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa. Tulikaa pale kati ya bamia tukizungumza kama watu wawili waliokua mtaa mmoja. Alinieleza kwamba tangu ampate kuku huyu, mtoto hajakosa yai, kwamba muuguzi amemsifu mbele ya baraza nzima, kwamba akipata vifaranga atairudishia stoo mmoja, akitaka mwenyewe, siku atakayotaka. Nilimsikiliza. Nilikuwa na furaha, wallahi, nilikuwa na furaha iliyo safi, na ilinitosha, labda kwa dakika kumi.

"Aliyemtoa huyu kuku simjui," alisema akimpapasa mgongo. "Na ndiyo raha yake. Nikiamka nampa mtoto yai, namwombea mtu huyo, halafu nainuka nafanya kazi zangu. Sina ninayemwogopa njiani. Unajua, kuna watu wakikupa kitu unashindwa hata kulala." Hakunitazama aliposema hivyo. Sidhani kama alinikusudia, alikuwa amesahau, alikuwa amenisamehe hata. "Huyu aliyetoa, huyu ndiye mtu."

Nilikuwa na jani la mchicha mkononi. Nakumbuka nililigeuza. Nilisikia moyo unapanda, na nilijua unapanda kwenda wapi, na nilikuwa na muda wa kuuzuia.

"Ni mimi," nilisema.

Aliacha kumpapasa kuku. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama taa ambayo mtu hajaikumbuka kuizima. Akainuka kutoka kwenye ndoo, akamweka mtoto sawa mgongoni, akaikaza kanga. Kisha akaniuliza kwa upole, hana hasira hata kidogo, kama mtu anayeulizia njia ili asipotee.

"Basi niambie, Bibi Shamba. Huyu unataka nimrudishe na nini?"

Na akasimama pale akisubiri nimjibu.